Mtani Katika Kitanda cha Mama

Nikalivuta blanketi.

Wiki nzima mmeniacha nimesimama na mkono juu ya blanketi hilo, basi sitawachelewesha tena. Kilichokuwa chini yake hakikuwa mama yangu. Zilikuwa ndevu.

Ndevu nyeupe, ndefu, zimechanwa vizuri. Juu ya ndevu pua. Juu ya pua jicho moja jeupe kama ganda la yai, na juu ya jicho la pili, kwenye paji la uso, plasta ya mama yangu.

Na mimi, Mwalimu Benedikta, mwenye cheti cha chuo na sauti inayonyamazisha darasa zima, nikafanya nini? Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," zikajibu ndevu. "Hebu funga dirisha hilo, upepo unaniingia."

Nikafunga dirisha. Ndiyo, nililifunga, tena vizuri, na komeo nikaweka. Nilikuwa nageuka kumwuliza kama anataka na chai ndipo akili yangu ilipowasili, imechelewa kama kawaida yake.

"Wewe nani? Na mama yangu yuko wapi?"

"Mimi Abeid, Mnyamwezi wa mkonge, natoka shamba la Janga. Mama yako sijui aliko. Mimi nimekuta kitanda kitupu na plasta imebandikwa kwenye chuma cha kitanda, nikajua Mungu amenikumbuka."

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfikia likiwa limefunga maandazi, nieleze upesi. Pale Kwa Mwinyimadi, njia ya kwenda Kisarawe, palikuwa na hospitali ndogo ya serikali. Daktari wa macho alikuja kutoka Dar es Salaam mara chache kwa mwaka, Mzungu mrefu mwenye taa kichwani, watu wakamwita Bwana Kurunzi. Kila akija alipasua watu wanane, wa tisa hakuna, hata awe nani.

Miadi yenyewe ilikuwa kitanda. Jioni ya kuamkia siku hiyo dresa, yule msaidizi wa daktari, anakulaza, anakubandika plasta juu ya jicho litakalopasuliwa, anakwambia asubuhi usile kitu. Kukicha, aliye kitandani na plasta ndiye mgonjwa. Asiye kitandani ni mpita njia.

Mama yangu, Bi Mwanamvua wa Vihingo, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Miaka miwili hajauona uso wangu. Alisema hiyo si hasara kubwa, ila angependa kuwaona wajukuu zake, na kujua nani anamla kuku wake. Na Bwana Kurunzi baada ya siku hiyo alikuwa anakwenda likizo Ulaya. Nani angekuja mahali pake, na lini, hata karani hakujua. Mama asipopasuliwa leo, anabaki gizani, na mimi nabaki kuwa fimbo yake.

Ili kukipata kitanda kile cha nne niligombana na karani, na mpishi, na mbuzi wa mpishi. Sasa ndani yake mlikuwa na Mnyamwezi.

"Ondoka!" nikasema. "Huu ni upande wa wanawake. Huoni?"

"Sioni," akasema kwa upole. "Ndiyo maana nimekuja hospitali."

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa kamba na mashuka mawili, wanawake upande wa mlangoni, wanaume upande wa pili. Nikasikia kiganja kinapapasa ukuta. Mama yangu huyo, anatoka msalani, anahesabu vitanda kwa mkono. Akafika cha nne. Mkono wake ukashika ndevu.

"Nani kalala kitandani kwangu?"

"Mumeo," akasema Abeid.

"Mume wangu alikufa, na alikuwa ananukia. Wewe unanuka mkonge. Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Wa wapi?"

"Tabora, lakini Janga wamenizeesha."

Nilitegemea mama apige yowe. Badala yake akapiga paja lake kofi, akacheka mpaka akashika chuma cha kitanda asianguke.

"Benedikta! Njoo uone! Nimenyang'anywa kitanda na mtani!"

"Naona, Mama."

"Unaona nini? Mimi ndiye nilitakiwa kuona, na mwenye kuona katuacha tukaibiwa! Ee, Mnyamwezi, umetembea kutoka Tabora na mizigo ya Waarabu kichwani, ukaona hapa ndipo pa kuitua?"

"Nimetua, bibi. Kitanda nimekiteka. Mzaramo gani anaacha kitanda na kwenda kuzurura msalani?"

Mnayajua mambo ya Mzaramo na Mnyamwezi. Mtani akishika kitu chako, utamtukana, utakikomboa kwa malipo, lakini ukikasirika, wewe ndiye uliyeharibu. Mimi nilidhani mambo hayo mwisho wake ni langoni mwa hospitali, mahali pale palipoandikwa kwamba kutema mate ni marufuku. Hayo ndiyo niliyofundishwa chuoni: kila kitu kina mahali pake. Nikakasirika vizuri sana, nikaenda kumtafuta dresa.

Dresa Mwinyijuma alikuwa anachemsha vyombo vya kupasulia, mvuke umemjaa usoni.

"Mna mwanamume kwenye kitanda cha mama yangu!"

"Mnyamwezi?"

"Kumbe unajua!"

"Jana alifika vitanda vimejaa, nikamwambia arudi. Akalala nje barazani. Leo nasikia amepata."

"Hajapata, ameiba! Mtoe!"

Mwinyijuma akaweka koleo chini. "Mwalimu, mimi Mzaramo. Nikimtoa Mnyamwezi kwa nguvu kwenye kitu alichokiteka, siku nitakapokufa wenzake wataingia kaburini mwangu wakae humo, wagome kutoka, mimi nangoja pembeni na sanda. Wewe unataka nizikwe lini?"

"Hii ni hospitali ya serikali!"

"Sawa. Kwa serikali, mgonjwa ni aliye kitandani na plasta. Kwa mila, kitanda kimetekwa. Kote kuwili mmeshindwa. Kikomboeni kabla Bwana Kurunzi hajafika, amelala kituo cha Kibaha, saa yoyote atakuwa hapa."

Nikarudi. Nikakuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe kama mgeni, wanasemana ukoo kwa ukoo.

"Haya, Mzee Abeid," nikasema kwa sauti ninayotumia kwa mkaguzi wa shule. "Unataka nini utoke?"

"Kuku," akasema bila kufikiri. "Na wali wa nazi. Mapaja yote mawili yangu."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo elimu yangu ilipoamka. Kuku! Asubuhi ya kupasuliwa! Mtu akila, hapasuliwi. Hiyo ndiyo sheria, dresa kaitangaza mara tatu. Basi nisihangaike na mila wala serikali. Nimlishe tu. Akishashiba, hata akikataa kutoka, daktari mwenyewe atamtoa. Mama yangu mwenye njaa atarudishwa mahali pake, plasta yake, jicho lake.

Nilijipenda sana dakika ile. Ningekuwa na kioo ningejikonyeza.

Nikatoka mbio mpaka langoni kwa Biubwa, mwanamke aliyewauzia chakula jamaa wa wagonjwa.

"Nipe kuku na wali."

"Wa nani, Mwalimu?"

"Wa adui yangu."

"Niongeze pilipili?"

"Hapana. Ongeza nazi. Mchuzi uwe mzito, ale mpaka ashindwe kugeuka."

Biubwa akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe anayepanda mti, lakini akapakua. Nikalibeba sinia lile mpaka ndani, harufu inatangulia. Vitanda vyote vya wenye njaa vikaguna.

"Karibu, baba," nikasema. "Karibu sana. Kula taratibu, maliza yote."

"Mwanao ana adabu," Abeid akamwambia mama.

"Leo tu," mama akasema.

Nikaondoka kuwaacha. Nilienda kunawa uso kisimani, nikajipongeza, nikamsimulia mwanamke aliyekuwa anateka maji jinsi kichwa kinavyofanya kazi kikisomeshwa. Akasema "Kweli?" Nikamsimulia tena.

Niliporudi, sinia lilikuwa jeupe. Mzee Abeid analamba vidole. Na ukingoni mwa kitanda, ameinamia kazi yake kwa utulivu, mama yangu anatafuna bawa la kuku.

"Mama!"

"Nini tena?"

"Unakula!"

"Namalizia. Kidari nimeshakula."

"Daktari kasema usile!"

"Daktari si mtani wangu," akasema, akautoa mfupa mdomoni. "Chakula cha kukomboa kitu huliwa sinia moja, aliyeteka na mwenye kitu. Akila peke yake huo si utani tena, ni unyang'anyi, na mimi nikikataa ni matusi kwake na kwa wazee wake. Wewe hukuyajua hayo?"

"Ungeniambia!"

"Ungeniuliza. Umekuja na sinia, sauti imejaa sukari, nikafikiri hatimaye mwanangu amekua."

Abeid akashuka kitandani, akabandua plasta, akalipapasa paji la mama yangu na kuibandika hapo kwa heshima. "Kitanda chako, mke wangu. Tumemalizana."

Nje, gari likapiga honi. Bwana Kurunzi huyo.

Akaingia na taa yake kichwani, Mwinyijuma nyuma yake amebeba beseni. Akapita kitanda kwa kitanda, anawasalimu kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. Kisha akasimama katikati, mahali pa mashuka, akauliza swali ambalo nilikuwa naomba lisiulizwe.

"Nani amekula asubuhi hii?"

Mama yangu alikaa ameelekeza uso juu, mwenye njaa kuliko wote duniani.

"Yeye!" akasema Abeid kutoka pembeni, akanyoosha kidole. Kwa kuwa haoni, kidole kilinielekea mimi. "Huyu bibi Mzaramo amekula bawa na kidari. Na ngozi."

"Na yeye mapaja mawili!" mama akaruka. "Na wali! Mimi wali hata sikuonja vizuri, mkono wake ulikuwa kama jembe!"

Bwana Kurunzi akawatazama wote wawili. "Nani amewapa?"

Mwinyijuma akanitazama mimi, na mpishi mlangoni akanitazama mimi, na nina hakika hata mbuzi wake alinitazama.

"Mimi, bwana daktari."

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu."

"Unafundisha somo gani?"

Nilitamani kusema hesabu. "Afya na usafi," nikasema.

Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua alizungumza polepole, kama mimi ninavyozungumza na darasa la kwanza. Mtu aliyeshiba anaweza kutapika, alisema. Akitapika jicho likiwa limefunguliwa, jicho linatoka lote, na baada ya hapo hakuna daktari duniani wa kulirudisha. Basi ataanza na wengine saba. Alasiri, chakula kikishashuka, kabla mwanga haujaondoka dirishani, atakuwa na nafasi ya kitanda cha nne. Nafasi hiyo ni moja.

"Lakini walaji ni wawili," akasema Mwinyijuma, "na huyu mzee naye macho yamekwisha, bwana."

"Nafasi moja. Wachague wao wenyewe. Mimi sitaki kusikia tena habari za kuku."

Akaingia chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa.

Nikashusha pumzi. Kwangu mimi hapakuwa na la kuchagua. Kitanda kimekombolewa, plasta iko kwa mwenyewe, mtani kala kuku wake. Nikamtandikia mama shuka.

"Lala, Mama. Alasiri tunaingia."

"Silali," akasema mama. "Mnyamwezi, uko wapi? Njoo ulale."

"Nini?"

"Nimesema aje alale. Kitanda nampa."

Abeid alikuwa amechuchumaa ukutani. "Usinichezee, bibi. Kitanda kimeshakombolewa."

"Sikuchezei. Wewe huko Janga unakaa na nani?"

Mtani akavuta ndevu.

"Nina ukuta," akasema. "Kambini kuna ukuta, naushika nikienda msalani na nikienda jikoni. Ukuta ukiisha, nakaa chini. Mnyapara amesema asiyeweza kukata mkonge mwezi ujao atoke kambini. Sasa sijui huko nitakakokwenda kama kuna ukuta."

"Umesikia?" mama akaniambia.

Nilisikia. Nikamvuta mama mpaka mlangoni, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusema wazi, na kwa kuwa sijui kuchagua wakati wa kusema wazi, nikasema.

"Mama, mimi nimechoka. Nimechoka kukushika mkono. Nina darasa, nina watoto wanne, nina mume asiyejua chumvi inakaa wapi. Nimekuja hapa ili uone, siyo ili aone mtu wa mkonge. Huyo si ndugu yetu."

Nilidhani atanipiga. Akanipapasa mkono, akaushika kifundoni, pale pale anaposhika kila siku.

"Najua umechoka. Mkono huu hunieleza. Kila asubuhi unanivuta kama mbuzi wa mnadani."

Ni kweli ninavuta.

"Lakini ninavutwa, Benedikta. Kuna mtu wa kunivuta. Yule havutwi na mtu."

Basi ungeona. Mimi, mama wa watoto wanne, nimesimama mlangoni mwa hospitali nalia kwa hasira, na hata sikujua hasira hiyo namkasirikia nani. Nikajipangusa kwa ncha ya kanga, nikasema potelea mbali, apewe.

Tukarudi kumpa. Akakataa!

"Silali hapo," akasema Abeid. "Nimekula kuku. Mtu akila cha kukomboa halafu akakishika tena kitu kile kile, huyo si mtani, huyo mwizi. Nikifa nitawaambia nini wazee?"

"Waambie Mzaramo alikulazimisha."

"Wataniuliza Mzaramo gani ana nguvu hizo. Lala wewe, kizee. Mke kipofu hata kumwiba hakuna faida."

"Lala wewe! Ukiwa kipofu utarudi Tabora kwa kunusa?"

"Lala wewe!"

"Sitaki!"

Asubuhi waligombea kitanda, mchana wanakisukumiana. Wagonjwa wakatolewa mmoja mmoja, macho yamefungwa bendeji, na kitanda cha nne bado kitupu, katikati ya wazee wawili wasioona wanaotukanana kwa ukarimu. Jua likaanza kuinama upande wa dirisha.

Nikashindwa. Nikapita upande wa pili wa mashuka, nikakaa chini ukutani karibu na kitanda cha nane. Hapo alikuwa Jumbe Pazi, mtu mkubwa wa huko kwetu, amekuja na mwavuli wake na kiti chake mwenyewe kwa sababu viti vya hospitali hukaliwa na kila mtu. Jicho lake la kulia lilikuwa zima kabisa. Angeweza kuhesabu mbuzi wa mtu ng'ambo ya bonde, na mara nyingi alihesabu. Alikuja kwa ajili ya la kushoto tu. Alikuwa wa mwisho kabla ya nafasi yetu.

"Mwalimu," akaninong'oneza, jasho linamtoka. "Wewe umesoma. Humo ndani wanafanya nini hasa?"

Mtu mwema angemwambia, ni jambo dogo, Jumbe, usijali. Mimi nina kipaji kimoja tu, nacho ni kumwambia mtu ukweli mahali asipouhitaji.

"Wanakuchoma sindano chini ya jicho," nikasema. "Ya ganzi."

"Halafu nalala."

"Hulali. Uko macho."

"Niko macho?"

"Unatakiwa kuwa macho, utulie. Halafu kinakuja kisu, kidogo, kikali. Wanakata duara la jicho hapa juu, kama unavyokata papai ukitaka kutoa mbegu."

"Lakini kisu sitakiona."

"Utaachaje kukiona, Jumbe? Jicho lenyewe ndilo linalotazama."

Naapa sikuwa na nia mbaya. Mwanzoni. Nilipofika kwenye papai niliona rangi imemtoka usoni, na nitasema ukweli, sikupunguza mwendo. Nikamweleza na uzi.

Jumbe Pazi akanyanyuka. "Natoka kidogo kutema mate," akasema.

Akachukua mwavuli. Akachukua na kiti. Mtu anayekwenda kutema mate habebi kiti, lakini mimi nikatazama miguu yangu. Tulimsikia akipita baraza, kwanza kwa hatua za jumbe, halafu kwa hatua za mtu yeyote.

Mlango wa upasuaji ukafunguliwa. "Kitanda cha nane!" akaita Mwinyijuma.

Akakitazama kitanda kitupu. "Jumbe yuko wapi?"

"Ametoka kutema mate," nikasema.

Mwinyijuma akachungulia nje. Akaangalia mbali, akazidi kuangalia mbali. Akarudi, akanong'ona na Bwana Kurunzi, na yule daktari akatokea mlangoni na taa yake inawaka usoni kwangu moja kwa moja.

"Mwalimu. Umempa kuku na huyu?"

"Hapana, bwana. Huyu nimempa somo."

Akatazama dirisha, akapima mwanga, akatazama wazee wawili waliokuwa bado wanasukumiana. "Nafasi mbili," akasema. "Upesi. Wote wawili. Kabla huyu mwalimu hajamfundisha mtu mwingine."

Aliingia mama kwanza. Nilikaa nje ya mlango ule nimetega sikio. Hapakusikika kelele, ila sauti ya mama mara moja, anamwambia daktari mkono wake una baridi, akauanike juani. Halafu akaingia Abeid. Halafu mwanga ukaondoka dirishani, na kazi ikawa imekwisha.

Wakalazwa chali, macho yote mawili yamefungwa bendeji, kila kichwa kimebanwa katikati ya vifuko viwili vya mchanga. Bwana Kurunzi akaniita kitandani kwa mama. Safari hii hakuwa na mzaha hata kidogo.

"Sikiliza vizuri, Mwalimu. Jicho la pili nimelitazama. Hilo halitibiki, limekufa. Hili nililopasua ndilo pekee alilo nalo. Uzi uliolishika ni mwembamba kuliko unywele. Asigeuze kichwa. Asikohoe, asipige chafya, asilie. Zaidi ya yote, asicheke. Akicheka, jicho litafunguka, na hapo ndipo mwisho. Mpaka nije kutoa bendeji, mtu asimchekeshe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bwana daktari."

"Na asile chochote kutoka kwako."

Akaenda zake. Nikasikia gari linaondoka. Nikakaa kwenye kigoda kando ya mama, nikaushika mkono wake, na kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili sikuuvuta.

"Kumeisha?" akauliza kwa midomo tu.

"Kumeisha, Mama. Usiongee. Usifanye chochote. Ni kulala tu, basi."

Nilifurahi kweli. Nilianza hata kupanga nitakavyomrudisha nyumbani, nani atakaa naye, watoto watavaa nini siku bendeji itakapofunguliwa. Nilipanga yote, isipokuwa kutazama Mwinyijuma kamlaza wapi yule mwingine.

Alikuwa amemlaza mahali palipobaki. Upande wa wanaume, sawa, lakini kitanda kimesukumwa mpaka kwenye kamba. Kichwa chake na kichwa cha mama yangu vilitenganishwa na shuka moja tu.

Shuka likapumua.

"Mtani," ikaja sauti kutoka upande wa pili, taratibu, yenye adabu.

Nikasimama.

"Mtani, nimekatazwa kusogea, na hapa puani kwangu amekaa nzi. Nadhani ni Mzaramo. Hana kazi anayofanya, amekaa tu, na anataka nimletee chakula."

Kidevu cha mama kikaanza kutetemeka. Midomo akaibana, akaibana zaidi, mishipa ya shingo ikasimama. Nikalirukia shuka lile nimfunge mtu yule mdomo kwa mkono wangu, nikafungua mdomo wangu nimkaripie kwa sauti yote ya darasani.

Kilichotoka kilikuwa kicheko. Changu mimi, kikubwa, cha tumboni, kisichoshikika.

Na nyuma yangu, ndani ya kifuko kilichobana kichwa cha mama upande wa kushoto, mchanga ukaanza kusogea.